Mvua moja, udongo wa aina tatu: mwongozo kamili wa kujua shamba lako limebaki na maji kiasi gani

Januari moja kipimo changu cha mvua kilisoma milimita 40, zote zimeshuka ndani ya saa moja hivi. Baada ya hapo, jua tupu. Siku ya nane nikapita shambani saa nne asubuhi. Mahindi ya juu, penye kichanga, yalikuwa yamejikunja majani kama sigara. Ya katikati yamedumaa, yana unjano, kana kwamba ile mvua iliyapita. Ya chini kabisa, kwenye mbuga (udongo mweusi wa bondeni), yamesimama majani wazi, hayana habari. Ni ekari tatu za shamba moja hapa Maswa, mbegu moja, na yalipandwa siku moja. Kosa langu lilikuwa hilo la mwisho, kupanda kote siku moja kama vile shamba lote ni udongo mmoja.

Tangu msimu ule nimeacha kuuliza mvua imenyesha kiasi gani nikaishia hapo. Swali ninalouliza ni hili: kati ya maji yaliyoanguka, mangapi yameingia, mangapi yamebaki, na kati ya yaliyobaki mangapi mmea unaweza kuyanywa? Majibu yote matatu yamo kwenye udongo, na unaweza kuyapata kwa jembe, nondo, kopo tupu, chupa ya maji na mizani ya jikoni. Mifano yangu ni ya Usukumani kwa sababu ndiko ninakolima, lakini vipimo ni vilevile ukiwa Kongwa, Makueni au Ruzizi.

Maneno matatu kabla ya kushika jembe

Udongo ni matundu kama ulivyo chembe. Matundu makubwa hupitisha maji, madogo huyashika. Mvua kubwa ikinyesha, matundu yote hujaa. Hapo udongo *umejaa*, na mizizi haina hewa. Yale ya kwenye matundu makubwa hushuka chini yenyewe, kwenye kichanga ndani ya siku moja hivi, kwenye mfinyanzi siku mbili au tatu. Kinachobaki baada ya hapo ndicho udongo wenyewe unaweza kukishika. Naita hali hiyo *kushiba*. Mmea unakunywa, jua nalo linakunywa, mpaka ifike mahali maji yaliyobaki yameng'ang'ania chembe kiasi kwamba mzizi hauwezi kuyavuta. Hapo mmea *unanyauka* na hata usiku hauinuki tena.

Akiba ya mkulima ni ile iliyo kati ya kushiba na kunyauka. Kwa kila mita moja ya kina, kichanga kina akiba ya milimita 60 hivi (kati ya 25 na 100), tifutifu, ulio kati ya kichanga na mfinyanzi, 150 (100 hadi 175), mfinyanzi 200 (175 hadi 250). Na usisahau kwamba milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita ya mraba, yaani lita 4,000 na kidogo kwa ekari.

Angalia jambo moja ambalo watu wengi huliruka. Mfinyanzi unashika maji mengi, lakini pia unanyima mengi. Ni kama tajiri bahili: ana fedha, ila sehemu kubwa haitoki mfukoni. Tutalirudia kwenye kupima, kwa sababu ndipo vifaa vya dukani vinapodanganya watu.

Hatua ya 1: Tembea shamba kutoka juu kwenda chini

Fanya hivi siku moja baada ya mvua kubwa. Anza penye mwinuko, ushuke mpaka bondeni, na kila mahali udongo unapobadilika rangi, ugumu au majani yanayoota, chomeka kijiti. Usipange vijiti kwa mistari iliyonyooka, fuata udongo.

Hapa kwetu wazee wana majina tayari. Juu, chini ya vilima vya mawe ya itale, kuna *luseni*, kichanga chepesi. Ukishuka unakuta *itogolo*, kijivu, kigumu, chenye tabaka kama saruji kwenye kina cha futi moja au pungufu. Humo ndani ya itogolo kuna mabaka ya *ibambasi*, meupemeupe, hayaoti kitu, yana magadi. Chini kabisa ni *mbuga*, udongo mweusi unaopasuka kiangazi (simaanishi mbuga ya wanyama), na pembezoni mwake mara nyingine *ibushi*, wenye chokaa. Mpangilio huo unajirudia kilima baada ya kilima. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, ndiye aliyeupa jina la kitaalamu mwaka 1935: *katena*, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Dunia nzima ya sayansi ya udongo inalitumia neno hilo leo. Wasukuma walikuwa wameshazipa pete zake majina, moja moja.

Kama kwenu kuna majina ya namna hiyo, anza nayo. Muulize mzee aliyelima hapo miaka 40. Mzee jirani yangu aliniambia siku ya kwanza, "Hiyo itogolo ni ya mpunga, mjukuu wangu, usibishane nayo." Nilibishana nayo misimu miwili.

Mwisho wa hatua hii uwe na mchoro wa shamba kwenye daftari, vipande viwili, vitatu au vinne. Kila kipimo kinachofuata kifanye kwa kila kipande. Ukichanganya udongo wa vipande vyote ndoo moja ukapima wastani, umepima shamba ambalo halipo.

Hatua ya 2: Chimba shimo moja kwa kila kipande

Shimo lifike sentimita 80 au mita, na upande mmoja wa ukuta uwe umenyooka na unatazama jua. Hii ndiyo hatua inayochosha, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Ukuta ukishakuwa safi, chukua kisu, chokonoa kuanzia juu kwenda chini polepole, ukisikiliza mkono.

Tazama mizizi. Ikishuka wima mpaka chini, vizuri. Ikifika mahali ikakunja kona na kutambaa pembeni kama inatafuta mlango, hapo pana tabaka gumu. Linaweza kuwa la asili, kama kwenye itogolo, au la kutengenezwa na watu: jembe la ng'ombe likipita kina kilekile kila mwaka, kwenye sentimita 15 hadi 20, hushindilia sakafu chini yake. Kwangu kuna yote mawili, katika shimo moja.

Tazama rangi. Weusi au kahawia iliyokolea juu ni mboji. Madoa ya kutu yaliyochanganyika na kijivu yanasema maji hutuama hapo sehemu ya mwaka, hata kama leo ni pakavu kabisa. Vipunje vyeupe vigumu chini ya mbuga ni chokaa. Kisha ona unyevu umefika wapi. Siku mbili baada ya mvua ile ya milimita 40, kichangani unyevu ulikuwa umeshuka kupita sentimita 40. Kwenye itogolo nilikuta sentimita 5 za udongo mbichi na chini yake vumbi.

Hesabu kidogo hapo. Kama ekari moja ilipokea milimita 40 na zikaingia 10 tu, milimita 30 zimekimbia. Ni zaidi ya lita 120,000, ndoo 6,000 za lita 20, zimeondoka kwangu kwenda mtoni kwa saa moja. Na zimebeba udongo wa juu.

Hatua ya 3: Jua umbile kwa mkono, thibitisha kwa chupa

Umbile la udongo ni uwiano wa chembe tatu: mchanga, unaoonekana kwa macho, tope laini, linaloteleza kama unga wa ngano ukilikausha, na mfinyanzi, wenye chembe ndogo kupita zote. Chembe zikiwa ndogo, matundu huwa madogo na mengi, na maji hushikwa kwa nguvu zaidi.

Chukua udongo kiasi cha yai, toa vijiwe na mizizi, nyunyizia maji kidogo kidogo huku ukikanda kama donge la chapati mpaka usigande tena mkononi. Ubonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada, uusukume utoke kama utepe. Ukishindwa hata kufanya donge, ni kichanga. Donge likishika lakini utepe ukakatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu au jamaa zake. Utepe wa sentimita 2.5 hadi 5 ni tifutifu yenye mfinyanzi mwingi. Ukizidi 5 na bado unaning'inia, ni mfinyanzi.

Chupa ni ya kuthibitisha tu. Jaza udongo uliopondwa theluthi moja ya chupa inayoona ndani, ongeza maji na kijiko cha sabuni ya unga, tikisa dakika kadhaa, weka mezani pasipotikisika. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, tope laini ndani ya saa mbili, mfinyanzi siku moja au mbili. Pima unene wa kila tabaka kwa rula. Ukitaka kipimo cha kuaminika zaidi, maabara za udongo za SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, na TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano, Tanga, hufanya kazi hiyo. Wakati wa kupeleka sampuli waambie unataka umbile na kaboni ya mboji pamoja na virutubisho, maana wengi hulipia virutubisho peke yake.

Umbile hulibadilishi. Hakuna mkulima aliyewahi kugeuza luseni kuwa mbuga. Unachoweza kubadilisha ni *muundo*, yaani namna chembe zilivyoshikana kuwa vidonge na matundu yaliyoachwa kati yake. Udongo mwekundu wa Kiambu na Murang'a ni mfinyanzi ukiupima maabara, lakini umejipanga katika vidonge vidogo imara na maji yanaingia vizuri. Mfinyanzi wangu mweusi ukilowa unajiziba. Zote zinaitwa mfinyanzi, kwa hiyo jina peke yake halitoshi.

Hatua ya 4: Donge kwenye glasi

Chukua donge kavu la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, liweke taratibu kwenye glasi ya maji, usikoroge. Subiri dakika tano.

Donge likibaki zima, muundo una nguvu, mboji na mizizi vinalishikilia. Likibomoka na kulala chini kama rundo, matone ya mvua yatalibomoa hivyohivyo shambani, chembe zitajipanga juu na kukauka kuwa ukoko. Unaujua ukoko wa wali chini ya sufuria; huu ni wa juu ya shamba, na mche wa pamba unaweza kuota ukashindwa kuutoboa. Likibomoka na maji yakageuka maziwa yasiyotulia hata baada ya saa kadhaa, shuku magadi. Mabaka ya ibambasi hufanya hivyo kila mara. Pale sodiamu imetenganisha chembe za mfinyanzi, na chembe hizo ndizo zinazoziba matundu. Jasi ndiyo dawa yake inayojulikana, lakini kwa baka dogo gharama haina maana. Mimi nimeliacha liwe njia ya ng'ombe.

Linganisha na donge kutoka chini ya mti au kwenye mpaka usiolimwa. Kwa wengi wetu tofauti itakuwa ya kuaibisha.

Hatua ya 5: Nondo na kopo

Nondo ya milimita 10, urefu wa mita, iliyochongwa ncha. Udongo ukiwa na unyevu wa kutosha, isukume kwa mkono bila kugonga nyundo, kwenye sehemu kumi za kila kipande. Andika kina inapogoma. Ikigoma mahali pamoja kila sehemu, karibu sentimita 18 mathalani, umepata sakafu ya jembe. Usifanye udongo ukiwa mkavu, maana hata tifutifu nzuri itakugomea nawe uione ina mwamba.

Kwa kasi ya maji kuingia, chukua kopo la maziwa ya unga, kata kitako ubaki na bomba. Libonyeze ardhini sentimita 5 ukiweka ubao juu na kugonga polepole, bila kuvuruga udongo wa ndani. Mimina maji kwanza ili udongo ulowe, yaache yaishe, hayo hayahesabiwi. Kisha mimina tena mpaka yafike sentimita 2.5 juu ya udongo, na uwashe saa ya simu. Yakiisha, gawanya 1,500 kwa idadi ya dakika. Jibu ni milimita kwa saa. Kama baada ya saa nzima yapo bado, pima kwa rula yameshuka milimita ngapi, utakuwa na jibu bila hesabu.

Kwa kawaida kichanga kinapitisha zaidi ya milimita 30 kwa saa, kichanga chenye tifutifu 20 hadi 30, tifutifu 10 hadi 20, mfinyanzi 1 hadi 5. Luseni yangu ilimeza kwa dakika 22, sawa na milimita 68 kwa saa. Itogolo ilishusha milimita 4 kwa saa nzima, mpaka nikaenda kunywa chai na kurudi. Mbugani, kopo la kwanza liliishia kwenye ufa kabla sijaokota simu. Nilipohamia pasipo na ufa na udongo ukiwa umeshalowa, zikawa milimita 2 kwa saa. Hiyo ndiyo tabia yake: mvua za kwanza zinamezwa na nyufa, kisha mfinyanzi unavimba, nyufa zinafunga, na mlango umefungwa.

Kopo huwa linapendelea shamba kidogo, kwa kuwa maji yakishatoka chini yake hutanuka pembeni. Pima mara tatu kila kipande, chukua jibu la katikati. Sasa linganisha na mvua: mvua ya milimita 40 kwa saa juu ya udongo unaopitisha 4 ni mafuriko, hata kama shamba lilikuwa kavu asubuhi.

Hatua ya 6: Pima unyevu wenyewe, kwa kopo na mizani

Niliwahi kununua kile kipimo cha msumari chenye saa ndogo juu, cha rangi tatu: kavu, nyevu, maji. Muuzaji wa duka la pembejeo aliapa. Nikakichomeka kichangani kikasema kavu, mbugani kikasema nyevu, kwenye ibambasi kikasema maji tele, mahali ambapo hata nyasi imekufa. Vifaa vya namna hiyo husoma umeme unaopita udongoni, na chumvi hupitisha umeme. Kilikuwa kinapima magadi.

Njia hii ni ya polepole lakini haidanganyi. Tafuta kopo dogo la bati lenye kuta nyembamba. *Kabla* hujakata kitako, lijaze maji na uyapime: huo ndio ujazo wake, tuseme mililita 400. Kata kitako. Likandamize udongoni kwenye kina unachotaka mpaka lijae bila kushindilia, lichimbue pembeni, kata udongo uliozidi kwa kisu juu na chini. Mwaga udongo wote kwenye mfuko, funga, upime ukiwa mbichi nyumbani. Toa uzito wa mfuko.

Kausha. Maabara hutumia oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24. Wewe tumia sufuria pana, moto wa mkaa uliofifia, ukikoroga. Usiunguze; ukisikia harufu ya kuungua, mboji inaondoka na kipimo kimeharibika. Kujua kama umekauka, weka kipande cha kioo baridi juu ya udongo wa moto: kikipata ukungu, bado. Pima, rudisha dakika kumi, pima tena mpaka uzito usibadilike.

Tuseme ulikuwa gramu 650, ukabaki 560. Maji ni gramu 90. Gawanya kwa 400: asilimia 22.5 ya ujazo wa udongo ni maji, yaani kila sentimita 10 za kina zina milimita 22.5. Kopo hilohilo limekupa jibu la pili bure: 560 kwa 400 ni 1.4, uzito wa udongo mkavu kwa kila mililita. Kwenye tifutifu, ukivuka 1.6 mizizi inapata shida kupenya.

Sasa lile la tajiri bahili. Asilimia 22.5 ni nyingi au kidogo? Kichanga hushiba kwenye asilimia 10 hivi na mmea hunyauka kwenye 4 au 5. Kikiwa na 22.5 kina maji yanayopita njia tu. Tifutifu hushiba karibu na 25 hadi 27 na kunyausha karibu na 12. Hapo uko karibu kushiba, pumzika. Mfinyanzi wa mbuga unaweza kunyausha mmea ukiwa bado na 25 au hata 30. Namba ileile, mahindi yanakufa. Ndiyo maana mbuga inaweza kuwa baridi na nyevu mkononi na mche bado umelala. Namba yoyote ya unyevu isiyoandamana na umbile la udongo, iwe ya kifaa cha shilingi elfu kumi au cha milioni, haikwambii umwagilie au usimwagilie.

Huna haja ya kufanya hivi kila wiki. Fanya mara moja kila kipande siku mbili au tatu baada ya mvua ya kushibisha, ukajua kushiba kwa udongo wako, na mara moja pale mimea inapoanza kulala asubuhi. Kati ya hapo mkono wako utajifunza: fumbata udongo kutoka kina cha kiwiko, uone unashikana vipi, ukilinganisha na namba uliyoandika.

Hatua ya 7: Geuza akiba kuwa siku

Mahindi yaliyo kwenye maua, kwenye joto la kwetu, hutumia milimita 5 hivi kwa siku. Mizizi tuseme imefika sentimita 60. Na usingoje akiba yote iishe: ikifika nusu, mahindi yameshaanza kupunguza mavuno.

Kichanga: 60 mara 0.6 ni milimita 36, nusu yake 18. Siku tatu au nne.
Tifutifu: milimita 90, nusu 45. Siku tisa.
Mbuga: milimita 120, nusu 60. Siku 12.

Soma tena kisa cha mwanzo wa makala hii, siku ya nane. Hesabu ilikuwa pale pale, sikuifanya tu. Na itogolo, ambayo kwa umbile lake ingekuwa karibu na tifutifu, haikuwa na siku tisa kwa sababu mizizi iligonga tabaka gumu kwenye sentimita 20 na maji hayakuwa yameingia.

Ni makadirio, yaweke hivyo. Mawingu, upepo na umri wa mmea vinabadilisha matumizi. Lakini ukijua ukame wa katikati ya msimu kwenu huchukua siku kumi hadi kumi na tano, unajua kipande kipi hakiwezi kuuvuka hata uombeje.

Hatua ya 8: Kila udongo na dawa yake

*Luseni* ina mlango mpana na ghala dogo. Usipande mahindi ya tumaini hapo. Mihogo, karanga, njugu mawe, mtama, viazi vitamu kwenye matuta. Panda mapema, maana mvua ya milimita 15 kwenye kichanga kikavu huloanisha sentimita 20, wakati mbugani isipoingia kwenye ufa inaishia sentimita 6 au 7 na jua linaichukua. Mbolea ya kukuzia igawe mara mbili au tatu. Ukiiweka yote kwa mpigo, mvua kubwa itaishusha chini ya mizizi. Ukimwagilia bustani, lita 18 kwa mita ya mraba zinatosha kwa mara moja. Zaidi ya hapo unamwagilia kisima cha jirani.

Kuhusu samadi na mboji, niseme ukweli ambao hautangazwi. Ukiongeza kaboni ya mboji kwa asilimia 1 nzima, jambo la miaka mingi, akiba ya maji katika sentimita 30 za juu inaongezeka kwa milimita 3 au 4 tu. Faida yake kubwa iko kwenye muundo: ukoko unapungua, maji yanaingia, mizizi inashuka na hivyo ghala linaongezeka kina. Kwa hiyo samadi yako haba ipeleke kwanza penye ukoko, na iweke ndani ya shimo la kupandia. Matandazo nayo ni mazuri, lakini kwetu mabua huisha tumboni mwa ng'ombe wa kijiji kizima mwezi mmoja baada ya mavuno. Mwenye uzio atandaze. Asiye na uzio apatane na majirani kwanza, au apande kunde na maboga kati ya mistari yafunike ardhi yakiwa hai.

*Itogolo* ina shida ya mlango. Una njia mbili na usizichanganye kwenye jaruba moja. Ya kwanza ni kutii: chimba majaruba, inua kingo, acha lile tabaka gumu lizuie maji yasizame, panda mpunga. Maji yanayotiririka kutoka luseni ya juu yaelekeze humo. Yale milimita 30 yaliyokuwa yanakimbia sasa yana pa kulala. Ya pili, kama lazima ulime mahindi au pamba, ni kupasua. Pita na ripa ya ng'ombe (jembe la ncha linalopasua bila kugeuza) udongo ukiwa *mkavu*, ili tabaka livunjike vipande; ukipita umelowa unachora mfereji tu na kuupaka kuta. Kisha fanya matuta yanayokata mteremko, na kati ya matuta weka vizuizi kila mita mbili au tatu, maji yasimame kila mahali yalipoangukia. Vizuizi viwe chini kidogo kuliko matuta, la sivyo siku ya mvua kubwa tuta litabomoka na kuondoka na mengine.

*Mbuga* ina ghala kubwa na mlango unaojifunga. Kazi mbili. Mvua zikikolea, toa maji ya ziada: matuta mapana, mifereji myepesi kuelekea chini, maana mahindi yaliyokaa kwenye maji siku kadhaa yanageuka njano kwa kukosa hewa. Mvua zikikatika, palilia juujuu mapema uzibe nyufa, kwa sababu kila ufa ni dirisha jipya la kukaushia udongo wa chini. Siku za kulima ni chache: ukichelewa jembe linabeba kilo tano za tope, ukichelewa zaidi linaruka kama limegonga jiwe.

Halafu kuna dengu, ambazo wa kichangani hawezi kuzipata. Hupandwa mbugani mvua zinapoelekea mwisho, zikaishi kwa maji yaliyobaki ardhini karibu mpaka kuvuna. Hapo ndipo nondo inarudi kazini. Mfinyanzi mbichi unaipokea, mfinyanzi mkavu unaigomea, kwa hiyo kina inapofika ndicho kina cha akiba yako. Mwaka jana niliipitisha sehemu kumi kabla ya kufungua gunia la mbegu. Upande wa magharibi ilizama mpaka sentimita 80, nikapanda. Upande wa mashariki iligoma kwenye 30 kila mahali. Gunia lililobaki nikalirudisha ghalani, na upande ule nikawaachia ng'ombe.